Pumzi ya Bi Mkubwa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mapazia, Sabina aliinama juu ya kitanda cha Bi Mkubwa Judith Thornbury na kutega sikio karibu na mdomo wake. Akisikia pumzi, alinyooka, akamshukuru Mungu, ndipo akawasha moto. Asipoisikia mara moja, alibaki ameinama hapo hapo mpaka yule kizee akorome au ajigeuze. Na alipotoka nje na ndoo ya majivu, wa kwanza kukutana naye hakumuuliza habari za asubuhi. Alimuuliza, "Kapumua?"

"Kapumua," Sabina alijibu, na habari ikashuka mpaka vibandani, ikafika zizini na kwenye ghala la tumbaku, watu wakaendelea na kazi zao roho zikiwa zimetulia kidogo.

Kasisi wa parokia aliwahi kuligundua jambo hilo, likamgusa sana. Jumapili moja alihubiri kwamba anayetaka kujua jinsi watumishi wanavyompenda mwenyewe wao, aende shamba la Marlpoint akaone wanavyomwombea mjane wa Kanali Thornbury uhai. Weusi waliokaa juu, kwenye roshani ya kanisa, wakainamisha vichwa wote kwa pamoja. Kasisi alidhani ni unyenyekevu, kumbe walikuwa wanajiuma midomo wasicheke.

Mapenzi yalitoka wapi! Mambo yalikuwa hivi. Kanali Thornbury alipokufa aliacha shamba kubwa la tumbaku kando ya mto, huko Virginia, enzi za mfalme George, na pamoja na shamba aliacha watu waliolilima, wakahesabiwa baada ya ng'ombe na kabla ya vijiko vya fedha. Sheria ya wazungu hawa ilimpa mjane theluthi: theluthi ya ardhi na theluthi ya watu. Lakini alipewa ya kula tu, si ya kumiliki. Akiwa hai ni yake, na siku akikata roho theluthi ile inawarudia warithi wa mumewe. Na Kanali, mtu asiyependa kuacha kazi nusu, alikuwa ameshasema katika wosia itakavyogawanywa siku hiyo: wanaume waende kwa mwanawe Robert, wanawake waende kwa bintiye Anne, "pamoja na uzao wao wote utakaokuja." Hata watoto ambao mimba zao hazijatungwa walikuwa wameshapata mwenyewe.

Sabina aliikumbuka siku ya mgawo wa kwanza. Majina yao yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia ya marehemu, na mtoto mmoja wa jirani akaitwa achomoe, kwa kuwa mtoto hana upendeleo. Mtoto alikuwa anakula mkate wa asali, karatasi zikawa zinamganda vidoleni, wazungu wakacheka. Sabina, akiwa na mimba ya miezi mitatu, akaangukia theluthi ya mjane. Mumewe Mingo, fundi mapipa, akaangukia kwa Robert. Hawakutengana, maana Robert na mama yake waliishi nyumba moja. Lakini kaka yake Sabina, Sawney, akaangukia kwa Anne. Anne alipoolewa na Bwana Pratt, Sawney akapelekwa Georgia kwenye mabwawa ya mpunga, kusimama majini mpaka mapajani tangu jua linapochomoza mpaka linapozama. Hakumaliza mwaka wa pili. Habari ililetwa na baharia mmoja mweusi, akaisema huku akila, maana alikuwa na habari nyingine kama hiyo za kupeleka mashamba mengine.

Kwa hiyo Sabina alijua kilichokuwa kinamngoja. Siku Bi Mkubwa atakapokufa, yeye na binti zake wawili, Dinah na Jenny, watakuwa mali ya Pratt. Mingo atabaki Marlpoint akitengeneza mapipa. Alimchukia yule kizee, na hakuna mtu duniani aliyemtakia maisha marefu kama yeye.

Vibandani kulikuwa na desturi ambayo nyumba kubwa haikuijua. Mtoto mwerevu alifundishwa ujinga mapema. Dinah alikuwa bado mdogo mama yake alipomwona akikunja shuka kwa namna ya kupendeza, akajua kuna hatari. Akamchukua kando. "Sikia, mwanangu. Kesho utaitwa upeleke bakuli la sukari. Ukifika mlangoni, liangushe."

"Si watanipiga, mama?"

"Watakupiga. Kibao kinapoa. Wakikupenda ndiyo kazi."

Dinah aliliangusha. Alipigwa, akaitwa mikono-ya-kwato, akapelekwa kwenye chumba cha maziwa nyuma ya nyumba, na huko akakulia salama akisukasuka maziwa yatoe siagi, hakuna aliyemkumbuka. Jenny naye alipofika umri akaangusha lake. Ilikuwa hekima ya watu wale: mkono mzuri ukionekana nyumba kubwa umeshachukuliwa, utaenda kuwa zawadi ya harusi ya mtu.

Baada ya mwaka mpya Bi Mkubwa akashikwa na kichomi. Alikohoa mpaka kitanda kikatikisika. Robert akaandika kwa dada yake, na haikupita muda mashua ya Pratt ikatia nanga gatini, wakashuka Anne akilia na Pratt akitazama mashamba.

Anne hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa haikusaidia kitu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye huruma ya haraka, na kijakazi wake alikuwa amekufa kwa homa huko Georgia, kwa hiyo alifunga nywele zake mwenyewe na zilionekana hivyo.

Siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana, Sabina alikuwa amesimama nyuma ya viti na sahani ya chaza. Walizungumza mbele yake kama watu wanavyozungumza mbele ya kabati.

"Nitasema wazi, Robert," Pratt alisema. "Mpunga unapandwa mwezi wa tatu. Siwezi kukaa hapa nimngoje mama mkwe kama mtu anayengoja tofaa lianguke."

"Bwana Pratt!" Anne akasema.

"Simwombei mabaya, mpenzi. Nasema tarehe tu. Akitangulia kabla ya Machi mosi, wanawake wake ni wetu na mashua ndiyo hiyo. Akipita Machi mosi, hata akifa kesho yake, sheria inasema hakuna mtu kuondoka shambani mpaka Krismasi."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Mwenye watu akifa kuanzia tarehe ile, mkono wowote uliokuwa shambani ulifungwa hapo mpaka mazao yaishe, awe nani aliyerithi. Tumbaku ilihurumiwa kuliko mtu.

"Sasa unataka nini?" Robert aliuliza, huku akikata nyama ya paja la nguruwe.

"Machi mosi ikimkuta anapumua, nunua haki yangu yote juu ya wanawake hao, mimi niende na fedha zangu. Krismasi sirudi huku, baridi yenu inaniua."

Robert akatafuna, akafikiri, akameza. "Nitanunua," alisema. "Sabina, leta chaza."

Sabina alileta chaza. Akawapitishia mmoja mmoja. Alipotoka alishuka mpaka jikoni, nyumba ya peke yake nyuma ya uwanja, akakaa chini sakafuni. Mpishi, kizee aliyeitwa Shangazi Phibby, akamtazama.

"Kafa?"

"Hajafa. Shangazi, akifika Machi mosi tumepona. Robert atatununua sote. Tutabaki na Mingo. Hata akifa baadaye, tumebaki."

Shangazi Phibby akaweka mwiko chini. "Ama kweli dunia mduara. Miaka yote hii nampikia samaki huku namwombea apaliwe na mwiba. Leo nianze kumtolea miiba!"

"Shangazi, si mzaha."

"Najua si mzaha, mwanangu. Ndiyo maana nacheka. Haya, nani wa kuchinjwa? Yule kuku mweusi?"

Wakaanza. Supu ya kuku ilipikwa mpaka mifupa ikalainika. Vitunguu vilichomwa, vikapondwa na mafuta ya bata, vikafungwa kifuani. Theluji ilianguka ikafunga barabara, daktari na wembe wake wa kumwaga watu damu akashindwa kufika, na Shangazi Phibby alishikilia mpaka kufa kwake kwamba hiyo ndiyo iliyomponya mgonjwa. Sabina alilala chini ya kitanda, kama alilala. Alimgeuza, akamkanda, akamsafisha, akamlisha kijiko kimoja kimoja huku akimbembeleza kama mtoto mchanga.

Bi Mkubwa alikuwa mgonjwa, hakuwa mjinga. Alimtazama juu ya kijiko kwa macho ya kijivu.

"Unaninenepesha kama bata wa Krismasi, Sabina."

"Kunywa, Bi Mkubwa."

"Wanangu wanakuja hapa, wananishika mkono, wananitazama kama naaga. Wewe peke yako unataka niishi." Akakohoa, akafutwa mdomo. "Na najua kwa nini. Usidhani sijui. Unanipendea pumzi."

"Bado vijiko viwili."

"Huna hata aibu ya kukana."

"Nikane nini, Bi Mkubwa? Fungua mdomo."

Kizee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Sabina akamshika mgongo akiomba moyoni kwa hasira: usife, mwanamke wewe, usithubutu kufa.

Ndipo Jenny naye akashikwa na kikohozi hicho hicho huko chini kibandani. Sabina aliambiwa, akasimama dirishani akaona moshi wa bomba la kibanda chake, mbali kama mwendo wa kutupa mawe mawili, asiweze kwenda. Supu aliyoipika kwa mikono yake ilipita mbele ya pua yake ikaenda kinywani kwa mwingine, na mwanawe alikuwa anakunywa uji wa mahindi na maji ya moto. Kila alipomkuna kizee mgongo aliona mgongo wa Jenny. Shangazi Phibby alimpelekea mtoto makombo ndani ya bakuli chini ya aproni, akamlea, na mtoto akapona. Lakini Sabina hakuusahau ule moshi.

Mwisho wa Februari nguvu zilimwisha. Alisinzia amesimama, akajigonga kichwa kwenye nguzo ya kitanda. Akajua kwamba peke yake hafiki. Akaenda karakana ya mapipa kumwambia Mingo kwamba atamchukua Dinah amsaidie.

Mingo aliacha kupiga nyundo. "Mama Dinah, umechanganyikiwa? Umpeleke mtoto chumbani mwao, na yule mwanamke wa Georgia kakaa pale?"

"Siku chache tu. Nikisinzia kizee akapaliwa, sote tumekwisha."

"Mchukue yule msichana mwingine, Moll."

"Moll ana mikono ya mbao! Atamvunja mbavu."

"Ndiyo maana nakwambia mchukue Moll."

"Baba Dinah, nisikilize. Moll akimwua, Dinah anaenda Georgia. Dinah akimponya, tunabaki. Nichague nini?"

Mingo alichukua nyundo, akaiweka tena. "Basi mwambie awe mjinga," alisema. "Mwambie awe mjinga sana."

Dinah alikuja, akapangusa miguu, akasimama kwenye kona amelegeza mdomo kama alivyofundishwa. Alimwaga maji kidogo. Akamwita Anne kwa jina lisilo lake. Anne akatabasamu kwa huruma, akarudi kwenye ushonaji wake, na Sabina akaanza kupumua.

Siku mbili mambo yakaenda hivyo. Siku ya tatu, mchana, Sabina alikuwa ameshuka kuchukua makaa, Bi Mkubwa akakabwa na makohozi. Uso ulibadilika rangi, macho yakatoka, mikono ikawa inachana hewa. Anne akapiga kelele asijue la kufanya. Na Dinah akasahau ujinga wake wote. Alipanda kitandani, akamwinua kizee, akamlaza kifudifudi juu ya paja lake, akampiga mgongoni kwa kiganja, akamtia kidole kooni akatoa kile kilichokaba, kisha akamfuta uso, akamlaza pembeni akimwimbia chini chini wimbo wa kusukasuka maziwa mpaka pumzi ikarudi.

Sabina alisimama mlangoni na makaa yake. Alimwona mwanawe akimwokoa yule kizee, na alimwona Anne akimtazama mwanawe.

"Jina lake nani huyu?" Anne aliuliza.

"Dinah, bibi. Mpumbavu tu huyu, bibi. Imetokea tu."

"Ana mikono mizuri ajabu," Anne alisema.

Machi mosi ilikuja na jua hafifu. Nyapara alipiga baragumu kuita watu kwenye vitalu vya tumbaku, na wote walisikia, lakini hakuna aliyekwenda haraka. Walikuwa wanamtazama Sabina akitoka mlango wa nyuma na ndoo ya majivu.

"Kapumua?"

"Kapumua!" Sabina alisema. "Na kala yai. Kala yai zima na kuuliza la pili!"

Shangazi Phibby akajifunika uso na aproni akalia kama msiba. Baada ya chakula cha asubuhi Pratt aliandikiana na Robert pale pale mezani, akatia fedha mfukoni, akaamuru mashua iandaliwe. Mchana huo Mingo alimzungusha Sabina mara moja nyuma ya karakana, mapipa yakiwa mashahidi. "Leo nimeoa upya," alisema. "Na mahari nimelipiwa na bata." Akacheka. Sabina alilia kifuani pake. Tangu siku ile ya kofia hakuwahi kuuhisi mwili wake mwepesi namna hiyo. Jenny na Dinah watazeeka hapa, alisema, na Mingo akasema ndiyo, mke wangu, watazeeka hapa wakituchosha.

Pratt alipanga kuondoka kesho yake alfajiri. Jioni, kabla jua halijazama, Sabina aliitwa barazani. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mito, mashavu yana rangi, kikombe cha mvinyo mkononi. Mara ya kwanza kutoka nje tangu mwaka mpya. Alionekana mtu wa kuishi miaka kumi.

"Sabina, njoo karibu. Nimekuwa nafikiri jinsi ya kukulipa."

"Sihitaji malipo, Bi Mkubwa."

"Nyamaza, unahitaji. Umeniokoa. Najua kwa nini umeniokoa, lakini kuokolewa ni kuokolewa." Akanywa kidogo. "Anne amelia magotini pangu mchana kutwa. Ameuziwa haki yake yote na yule mume, anarudi mikono mitupu, hana hata wa kumchania nywele. Mimi ni mama, nifanye nini? Nimempa Dinah."

Sabina alishika nguzo ya baraza.

"Nimemwazima Anne tu, kwa muda nitakaoishi. Ile sheria ya Machi mosi ni ya anayekufa, mimi niko hai. Zaidi ya hapo siwezi, sheria hainiruhusu. Robert ameguna lakini amekubali. Nikifa anarudi hapa, Robert amesema mwenyewe. Mbona unanitazama hivyo? Ningeweza kumpa Moll! Nimemchagua mtoto wako. Atalala ndani ya nyumba, atavaa viatu. Nilimwambia Anne, msichana aliyelelewa na mikono hii hutampata mwingine."

"Bi Mkubwa," Sabina alisema, "nipeleke mimi."

"Wewe?" Kizee alishangaa kweli. "Na mimi nitunzwe na nani?"

Sabina akapiga magoti. Alisema mengi, aliyoyapanga miaka na ambayo hakuyapanga. Alisema Sawney alivyokufa. Alisema Dinah ni mzembe, ni mwizi, ana kifafa. Bi Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akampapasa kichwa.

"Unampenda," alisema. "Ni vizuri. Sasa inuka, magoti yako si ya kijana."

Alfajiri, gatini, baridi ilikuwa inauma. Mingo alisimama hana cha kufanya na mikono yake. Alikuwa amemchongea binti yake ndoo ndogo ya mwaloni yenye kifuniko, na hata hiyo baharia aliitupa na mizigo mingine. Jenny alikuwa analia kwa sauti mpaka Shangazi Phibby akamfunika kwenye shali yake. Dinah alikuwa amevaa viatu. Alimkaribia mama yake, akamnong'oneza haraka, maana Anne alikuwa ameshamwita.

"Mama, nikifika niangushe sahani?"

Sabina alimshika uso. Alitaka kusema ndiyo, vunja zote, vunja nyumba nzima. Lakini alimwona Sawney amesimama ndani ya maji.

"Hapana, mwanangu. Huko usiangushe kitu. Msichana mzembe huko wanampeleka mpungani. Kuwa hodari. Kuwa hodari kuliko wote. Wakupende."

"Lakini ulisema..."

"Najua nilivyosema."

Anne aliita tena, kwa upole. Mashua ikaondoka. Ukungu wa mto uliichukua kabla haijafika kwenye kona, na Mingo akasema, "Nilikwambia umchukue Moll," kisha akamkumbatia kwa kuwa alisikia alichokisema.

Baadaye, Sabina aliporudi juu, Bi Mkubwa alikuwa amekaa kitandani anamngoja. Mkono wake mmoja ulikuwa umemshika Jenny bega.

"Nimemwita huyu mdogo," alisema. "Kuanzia leo atakaa hapa chumbani."

"Huyu mzembe, Bi Mkubwa. Anaangusha vitu."

"Sihitaji mikono yake. Nahitaji mdomo." Bi Mkubwa alimtazama, macho yale yale ya kijivu, wala hakuwa amekasirika. "Jana nilikwambia nikifa Dinah anarudi. Baadaye nikakaa nikafikiri nimesema nini, na nimemwambia nani. Mimi si mjinga, Sabina. Mpaka juzi hakuna aliyenitakia uhai kama wewe. Leo ni kinyume. Kwa hiyo kila utakachonipikia, Jenny ataonja kwanza, mbele yangu, kisha tutangoja kidogo. Huna neno?"

"Sina, Bi Mkubwa."

"Sikuchukii, ujue. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

Kesho yake, kabla ya kufungua mapazia, Sabina aliinama akatega sikio. Pumzi ilikuwa nzima, nzito, ya joto, pumzi ya mtu aliyeuguzwa vizuri. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, supu yake, vitunguu vyake, na kila pumzi ilikuwa inamweka Dinah Georgia. Chini ya kitanda Jenny alikuwa bado amelala, kichwa juu ya mkono.

Alitoka na ndoo. Mchunga ng'ombe alikuwa anapita.

"Kapumua?" akauliza, kwa mazoea, kisha akakumbuka, akatazama chini.

"Kapumua," Sabina alisema.

Jikoni Shangazi Phibby alikuwa ameshaweka sufuria. Shangazi alitazama rafu ya juu, kule kulikowekwa mizizi na majani ya dawa, ya kuponya na ya kuua, kisha akamtazama Sabina, na Sabina akatikisa kichwa. Akachagua kuku mnono. Akachemsha polepole, akatoa mafuta, akatoa kila mfupa, akatia chumvi kiasi, akaionja yeye mwenyewe mara mbili. Kwa mara ya kwanza alimpikia Bi Mkubwa supu iliyokuwa inaenda kumfikia mwanawe.

Akaipeleka juu. Bi Mkubwa alijiinua kwenye mito, akakunja mikono. Sabina akajaza kijiko, akakipuliza kipoe, akamgeukia Jenny, mtoto akafungua mdomo.

"Tamu, mama," Jenny alisema, akafungua mdomo tena.